Koko na Mfungwa wa Jumamosi

Juma lililopita niligundua kwamba mwalimu alinyongwa.

Niligundua nikiwa saluni, hapa Mbarara, kichwa kimesukwa upande mmoja na upande mwingine nywele zimesimama wima. Televisheni ya ukutani ilikuwa inarudia tamthilia ya zamani, ile ya watu wanaovaa suti mpaka jikoni. Sikuwa naitazama sana, mpaka nilipoona sura ya kijana mwembamba amesimama mbele ya hakimu. Nikamtambua pale pale. Mwalimu! Mwalimu wetu huyu! Nikasubiri aachiliwe, maana mimi najua aliachiliwa, nimekua nikijua hivyo. Kumbe wapi. Hakimu alifunga jalada lake, askari wakamshika mikono, na kulipopambazuka wakamnyonga. Mama yake alifika gerezani amechelewa, ameshika kikapu cha chakula.

"Muongo!" nikapiga kelele. "Yule mutu alikuwa muongo kabisa!"

Msusi akanirudisha kichwa kwa nguvu. "Nyabo, tulia. Hiyo ni filamu tu. Wewe nalia nini?"

Ni kweli nilikuwa nalia, na nilikuwa nacheka pia, na wanawake wengine pale saluni wakainua macho kutoka kwenye simu zao kunitazama kidogo, kisha wakayarudisha. Ningemweleza nini msusi? Muongo niliyekuwa namsema hakuwemo kwenye filamu. Alikuwa jirani yetu wa Nakivale, kambi ya wakimbizi, na ule uongo wake ndio uliomwokoa nyanya yangu. Basi nikanyamaza, nikasukwa, nikalipa, nikaondoka. Lakini wewe una nafasi, na hujanishika nywele. Kaa nikusimulie.

Kwetu Kivu ya Kusini, Kongo, nyanya anaitwa koko. Bibi ni mke wa mtu, kwa hiyo ukimwita mama mzee bibi atakuuliza posa umeleta lini. Nilikuwa na koko mmoja tu, mzaa baba, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Tulikimbia watatu, yeye, mama na mimi. Tukalala Kabazana, kituo cha kupokelea wakimbizi, na wageni wenzetu mpaka tulipopewa kiwanja chetu, tukajenga nyumba ya udongo yenye paa la turubai. Mvua ikinyesha, turubai lile lilipiga kelele hata usiweze kusikia mtu anayekuita akiwa karibu na sikio lako. Jua likiwaka, nyumba nzima ilinuka plastiki ya moto na mahindi yaliyoanikwa. Mimi harufu hiyo naipenda mpaka leo, sijui kwa nini, maana haikuwa nzuri.

Baba hakufika nasi. Alikuwa muuza mikate, akizunguka na baiskeli kijiji kwa kijiji, na asubuhi moja watu wenye bunduki walimsimamisha kwenye kizuizi cha barabara, wakamchukua. Baiskeli ilionekana. Yeye hakuonekana. Hakuna aliyesema amekufa na hakuna aliyesema yuko hai, na hivyo ndivyo tulivyoishi naye, mtu ambaye huwezi kumlilia na huwezi kumngojea.

Koko alikuwa na redio ndogo iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli ili tumbo lake lisifunguke. Aliiweka dirishani tangu asubuhi, na kazi zote za nyumbani tulizifanya mbele yake, kuchambua maharage, kutwanga sombe ya majani ya muhogo, kufua. Tena koko hakuisikiliza redio, alijibizana nayo. Wakisema mheshimiwa fulani amekata utepe kufungua daraja, yeye aliuliza kama ule utepe wamempa mtu akashonee au wameutupa hivi hivi. Wakisema mchezaji wa Ulaya amenunuliwa na timu nyingine, aliacha kazi kabisa. "Banamununua? Na mama yake alikuwa fasi gani wakati banamuuza?" Wezi waliwahi kuvunja duka la pombe huko Kampala, wakakutwa asubuhi wamelala humo humo. Koko alisikitika kweli kweli. "Hata kwiba banakwiba na uvivu," alisema, na siku nzima aliirudia habari hiyo kwa kila aliyepita, akiisimulia kwa uchungu wa mtu aliyeaibishwa na jamaa zake. Na yule mwimbaji maarufu aliyeachika kabla picha za arusi hazijakauka? "Mutu anaimba mapenzi asubuhi mpaka magaribi, atapika saa ngapi?"

Habari moja tu ndiyo iliyomnyamazisha. Kila walipotangaza kwamba hali ni shwari mashariki ya Kongo, koko aliinama karibu na redio, mkono umeshika goti, akangoja. Mimi nilidhani anasikiliza vita. Baadaye sana ndipo nilipojua alikuwa anasikiliza kama watataja majina. Hawakutaja. Basi alijinyoosha, akasema, "Bende balale kule bao," yaani wanaosema ni shwari ndio waende wakalale huko, akarudi kwenye maharage.

Jirani yetu alikuwa na kibanda cha video, miti na matope, mabenchi ya mbao, televisheni moja yenye mgongo mkubwa na betri ya gari iliyochajiwa kwa sola. Kiingilio cha watu wazima kilikuwa kikombe cha maharage, na sisi watoto tuliingia kwa kumchotea maji. Kila Jumamosi alasiri alionyesha tamthilia. Filamu zenyewe zilikuwa za Kiingereza, na wakati mwingine mtafsiri wa Kampala alikuwa amepachika Kiganda juu yake, kwa hiyo kwetu sisi yote ilikuwa makelele. Yeye jirani alisoma shule, tena alikaa Kampala, basi alizima sauti, akasimama kando ya kioo na fimbo mkononi, akatutafsiria kwa Kiswahili chetu. Alikuwa baba, alikuwa mwanamke, alikuwa askari, alikuwa mtoto mchanga, alikuwa mlango unaofungwa. Hata mbwa alimtafsiri. Sote tulimwita Mtafsiri tu, na mke wake pia alimwita hivyo.

Koko alianza kwenda kwa sababu ya mwalimu. Katika ile tamthilia mwalimu kijana alisingiziwa kumwua tajiri mmoja, wakamtia kasho, ndilo gereza kwetu, na nje alibaki mama yake mjane aliyekuwa anatembea kila siku kupeleka chakula. Koko alikaa benchi la mbele, mkoba wake mapajani. Sehemu ya kwanza tu haijaisha, alikwisha kumpata mwuaji wa kweli. "Ni ule mwenye kiatu cheupe. Mutu wa kuvaa kiatu cheupe mu matope anaficha kitu." Watu walicheka, lakini wiki zilizofuata kila kiatu cheupe kilipopita kwenye kioo kibanda kizima kiliguna. Mtafsiri alilazimika kungoja watulie.

Sasa, sisi ni watu wa maombi. Kanisani kwetu kulikuwa na chumba cha maombi cha akina mama, ambapo kila mmoja alileta mzigo wake na wengine waliubeba, bila kuuliza maswali mengi, maana watu waliotoka tulikotoka hawapendi kuulizwa. Koko alifika Jumatano akasema kuna kijana mmoja, mwalimu, amefungwa bure, mama yake ni mjane. Akina mama wakashika vichwa. Waliomba kwa machozi, waliomba kwa kutembea huku na huku, waliomba wakampigia pepo wa uonevu kelele mpaka kuku wa jirani wakakimbia. Wiki baada ya wiki. Mama mchungaji mwenyewe ndiye aliyekuja kuuliza kwamba huyu mwalimu amefungwa gereza gani, ili kanisa limpelekee sabuni.

Koko akamjibu bila kupepesa, "Iko mu video."

Ungewaona! Wengine walicheka mpaka wakakaa chini, mmoja akakasirika kwamba ameimaliza sauti yake kwa ajili ya mzungu wa filamu. Mama mchungaji yeye akasema maombi yamekwisha kuondoka, hayawezi kurudishwa, na kama huyu ni wa picha basi Mungu atamtafuta mfungwa mwingine wa kumpa. Tuendelee. Wakaendelea! Mimi nimezunguka makanisa mengi tangu hapo, sijaona lingine lililomwombea mtu wa tamthilia.

Lakini koko alipitiliza. Jumamosi moja tamthilia ilikatika hakimu akiwa ameinua karatasi ya hukumu, na Mtafsiri akatuambia tukutane wiki ijayo. Alhamisi yake koko akaacha kula. Hakunywa hata maji. Alisema hatatia kitu kinywani mpaka hukumu isomwe. Mama alimpikia uji wa mtama, akauweka mbele yake na kuuondoa ukiwa na ngozi juu. Akamsihi, akamgombeza, akalia. Ijumaa midomo ya koko ilikuwa imepasuka, na alipotoka nje alitembea kwa kushika ukuta. Mama mchungaji alikuja kumfungua nadhiri yake, akashindwa. Mimi nilikuwa mtoto, lakini nilielewa. Baba alikuwa amekwisha kuondoka, na sasa koko alikuwa anajiondoa mbele ya macho yetu, kwa ajili ya mtu asiyetujua. Nilimchukia yule mwalimu, nikakaa nyuma ya nyumba nikamwambia maneno mabaya.

Jumamosi tulimpeleka kibandani, mama mkono huu na mimi mkono ule. Watu walimpisha. Mtafsiri alikuwa na desturi ya kuitazama kila sehemu peke yake kabla hatujaja, ili atayarishe sauti zake, kwa hiyo alijua kitakachotokea. Alimwona koko anavyoketishwa, akamtazama mama, akaitazama fimbo yake. Akaanza. Hakimu akainua karatasi. Mimi nilikuwa nimekaa chini mbele kabisa, na nikauona mguu wa Mtafsiri unasogea taratibu, unasukuma waya wa betri. Kioo kikawa cheusi.

"Betri imekufa!" akasema.

Ee, kelele zilizozuka pale! Watu walitaka maharage yao. Yeye akainua fimbo juu. Akasema msijali, mi nimeishaiona, nitawapa yote kwa mdomo. Na akatupa. Alisimama mbele ya kioo cheusi akasoma hukumu kwa sauti nzito ya hakimu, kwamba huyu kijana hana hatia, tena mwenye kiatu cheupe akamatwe. Kibanda kililipuka. Wanawake walipiga vigelegele, mmoja akavua kitambaa cha kichwa akapepea. Mtafsiri akamtoa mwalimu kasho, akamfungulia mlango mmoja, akamfungulia wa pili, na kila mlango ulikuwa na kilio chake, mpaka akamfikisha nje, langoni, ambapo mama yake amesimama.

Hapo koko akainua mkono. Sauti ilikuwa ndogo, tuliisikia kwa sababu watu walinyamaza.

"Na mama yake, akamwambia nini?"

Mtafsiri hakuwa amelitayarisha hilo. Alipojibu hakutumia sauti ya mtu mwingine, alitumia yake.

"Akamuuliza, umeishakula?"

"Eeh," koko akasema. "Huyo ni mama kweli." Kisha akanigeukia. "Nileteeni uji."

Akanywa pale pale benchini, polepole, watu wakimtazama kuliko walivyowahi kuitazama televisheni.

Ningekuwa naandika tamthilia ningeishia hapo. Lakini Jumatatu asubuhi koko alijitanda kitenge, akanishika mkono, tukaenda kwa Mtafsiri. Tulimkuta anapangusa sola yake. Alipomwona koko aliinuka haraka, akamletea kiti, na nilimwona ana wasiwasi.

"Ile betri yako ilikuwa nzima," koko akasema. "Mi nimezeeka, sikupofuka."

"Koko, unisamehe."

"Usiniombe musamaha."

"Koko, na ile kitu ni picha tu. Wale ni batu ba kulipwa. Hakuna mwalimu."

"Najua ni picha! Kwani mi ni mbuzi?" Akavuta pumzi. "Sikiliza, mutoto wangu. Umefungua mutoto wa batu. Sasa unifungulie wangu."

Mtafsiri aliishusha sola chini. Alimjua baba kwa habari tu, kama Nakivale nzima ilivyomjua. Akasema hapana, koko, wako ni mtu wa kweli, siwezi kumchezea.

"Njo vile," koko akamwambia. "Ni wa kweli, njo maana hakuna mwenye kumutangaza. Kila siku nasikia habari ya batu benye sibajue. Mwizi wa Kampala namujua. Mucheza mupira namujua. Mimba ya bibi ya mukubwa fulani naijua. Wangu, ata jina, hapana. Weye unitangazie."

Ndivyo ilivyoanza. Kila Jumamosi, kabla ya kufungua kibanda, Mtafsiri alikuja kwetu, akakaa kwenye kinu kilicholazwa, akatusimulia sehemu moja ya baba. Alianza nacho kile kizuizi cha barabara, akaenda polepole. Baba yuko kasho, ana kiu, na mlinzi mmoja ni mtu wa kanisa, anamletea maji kwa siri. Koko alikuwa mkali kuliko mhariri wa gazeti. "Anyamaze? Mutoto wangu anyamaze mbele ya mulinzi? Huyo siye. Umuweke abishane." Mtafsiri alirudi nyuma, akambishanisha, koko akatikisa kichwa kwa furaha. Baba akatoroka. Baba akaingia mji wa Baraka, kando ya ziwa, akapata kazi kwenye tanuri la mikate. Wiki moja ya mvua Mtafsiri alimwuguza malaria, na koko akamkaripia kwamba ametuhuzunisha bure, ampe dawa upesi.

Mama hakupenda. Jumamosi moja alirudi kutoka shambani na jembe begani akatukuta tunacheka, maana baba alikuwa amemwuzia ofisa mmoja mkate wa juzi. Mama hakupaza sauti. Alisimama mbele ya Mtafsiri.

"Niambieni. Mi ni mujane ao siye mujane? Mukishajua, mutaniita."

Akaingia ndani. Hatukucheka tena siku hiyo, na Mtafsiri alikwenda zake bila kumaliza. Nilidhani hatarudi. Koko alimfuata mwenyewe, sijui walizungumza nini, akarudi naye. Tangu hapo alisimulia kwa sauti ya chini, na mama alibaki upande wa nyuma akitwanga sombe. Alitwanga kwa hasira, mchi unashuka kwa kishindo. Lakini mimi ni mtoto wake, nilikuwa namsikiliza yeye kuliko nilivyomsikiliza Mtafsiri, na nikagundua kwamba kila baba aliposema neno katika hadithi, mchi ulisimama.

Halafu ikafika siku ya samaki. Mtafsiri alimvusha baba ziwa kwa boti ya wachuuzi, akamfikisha Kigoma salama, akamketisha kwa mama ntilie na kumwagizia samaki wa kukaanga. Alikuwa anaueleza ule mchuzi, limau, pilipili, tunameza mate, mara sauti ikatoka nyuma ya nyumba.

"Hakulaka samaki! Inamuwashaka mwili muzima!"

Mama alikuwa amesimama pembeni ya ukuta, mikono ya kijani kwa sombe. Koko akamgeukia Mtafsiri.

"Umemusikia bibi yake. Rudia."

Akarudia. Akampa maharage. Na mama akavuta jeri ya maji, akaiegemeza ukutani, akakaa juu yake.

Sijui niieleze vipi furaha ya Jumamosi zile. Nilikuwa nimeondoka Kongo mdogo mno, nilichokuwa nacho cha baba ni vipande vipande. Sasa nilipata baba mzima. Alikuwa mbishi, mcheshi, anapiga mluzi akipanda mlima, ana harufu ya mkate. Shuleni mwalimu alituuliza wazazi wetu wako wapi, na mimi nilisema bila kusita kwamba baba yangu yuko Kigoma, anakuja, amecheleweshwa na kazi. Nilipokuwa msichana mkubwa nilimwuliza mama ni yapi katika hayo ya kweli na ni yapi ya Mtafsiri. "Mluzi ni wa Mtafsiri," alisema. "Mkate ni wa kweli."

Kisha jina la Mtafsiri likaitwa. Nakivale ukisema jina la mtu limeitwa, kila mmoja anajua. Yeye, mke na watoto walikuwa wamengoja miaka kupelekwa ng'ambo, nchi ya baridi, na sasa safari imekuja, watu wanamshangilia na kumwonea wivu kwa pamoja. Aliiuza televisheni. Mabenchi aliyagawa. Jumamosi ya mwisho alikuja kwetu amevaa viatu vipya, na mama alipika sombe na ugali wa muhogo uliotoka soko la Kaberebere, chakula cha kuagana na ndugu.

Tulikwisha kula. Mtafsiri akakaa kwenye kinu chake. Nilijua anachotaka kufanya, koko alijua, hata mama alijua. Baba alikuwa ametembea Tanzania nzima katika wiki zile za mwisho, na Mtafsiri alikuwa na haraka, anataka kutuachia zawadi. Akamvusha mpaka wa Tanzania alfajiri. Akamfikisha Ngarama, karibu kabisa na kambi yetu. Baba akamwuliza mwanamke mmoja anayefagia mbele ya duka njia ya Nakivale ni ipi, na mwanamke akamwonyesha kwa ufagio. Mimi nilikuwa nimeshaanza kusimama. Naapa nilikuwa nasikia miguu.

"Basi," koko akasema. "Muache pale."

Mtafsiri hakuelewa. "Koko, imebaki kidogo tu. Leo hii anafika."

"Naona imebaki kidogo. Lakini akifika, mi nitaamuka nende ku mulango. Na ku mulango hakuna mutu." Alisema kwa utulivu, anakunja kitenge chake magotini. "Weye unaenda. Nani atakuja kunitoa mu ile mulango? Muache mu njia. Mu njia iko muzima."

Mtafsiri alijifunika uso kwa mikono miwili. Mtu aliyekuwa akilia kwa sauti za watu kumi, siku hiyo alilia kwa yake na haikutoka hata kidogo. Redio ilikuwa dirishani, imezimwa.

Mama ndiye aliyesema.

"Umupe koti," alisema. "Ngarama asubui kuna baridi."

"La rangi gani?" Mtafsiri akauliza.

"Kahawia."

Akampa. Akaeleza vifungo vyake, akaeleza mifuko, akamfunga cha juu kabisa chini ya kidevu, na akamwacha hapo barabarani. Keshoye basi likawachukua.

Koko alikaa nasi miaka mingine, akiendelea kubishana na redio, na hakuwahi tena kuacha kula. Alipokufa, chumba cha maombi kizima kilikuja. Siku hizi ukienda pale penye kibanda utakuta duka la kuchaji simu, na vijana wamekaa nje, kila mmoja na kioo chake kiganjani na waya masikioni, anacheka peke yake. Siwalaumu, na mimi ninayo simu. Nasoma habari za mchungaji feki, bibi arusi aliyekimbia na gari la maua, waziri aliyesema hali ni shwari, nawajibu kwa sauti jikoni kwangu na hakuna wa kunicheka. Tunaona kila kitu sasa, mpaka mwisho, na hakuna anayesukuma waya kwa mguu kwa sababu amemwona mama mzee ameketi mbele. Mtafsiri sijui yuko mji gani. Natamani awe na watu wa kuwadanganya.

Mimi ni mfanyabiashara wa maharage. Mama naishi naye hapa Mbarara, na kila msimu wa mavuno mimi huenda Ngarama kununua. Tunafika alfajiri na lori, tunapakia, na tukimaliza namwambia dereva angoje kidogo. Nasimama kando ya barabara inayotoka mpakani natazama wanaopita. Wanaume wenye makoti ni wengi, na ya kahawia si haba. Jioni nikirudi nyumbani mama hajawahi kuniuliza nimemwona nani. Ananipokea mkoba, ananiwekea chakula, na huuliza tu kama kule asubuhi kulikuwa na baridi.